Hita gani ufunge kwenye karavani kama unalala Makete, Njombe au Mbeya mwezi wa saba

Wakuu habari zenu. Hii naandika kwa ajili ya wale wachache wenye karavani za mtumba, zile nyumba za matairi za kuvutwa na gari, huku Nyanda za Juu Kusini. Hatuko wengi najua, ila naulizwa sana, kila nikisimama Uyole kujaza mafuta lazima mtu aje achungulie dirishani aseme "kaka hiyo nyumba yako ndani si friji kabisa hiyo", na mwingine anadai mjomba wake ana moja imelala uani Iringa miaka na miaka, majani yameota mpaka kwenye matairi, anataka kuifufua. Sasa kwenye kufufua, godoro utaweka, soketi utaweka, mapazia mama watoto atakuchagulia, lakini kitu kitakachokukosesha usingizi ni hita, kwa sababu hapo ndo kuna hela na hapo hapo ndo kuna kifo.

Mi kazi yangu ni viazi. Mwezi wa sita mpaka wa nane nashinda Isyonje, Matamba, mpaka ndani huko Makete nanunua viazi shambani, na gesti za huko si za kila siku, kwahiyo nalala kwenye karavani langu. Ni la Kiingereza, la zamani, ndani urefu mita nne na nusu hivi, navuta na Prado. (Kama bado hujanunua, la Uingereza lina faida moja watu hawaioni, mlango uko kushoto kwa sababu wao wanaendesha kushoto kama sisi, la Ujerumani au Ufaransa mlango mara nyingi uko kulia, ukipaki pembeni ya barabara ya Tunduma unashukia kwenye malori.)

Na msiniambie Tanzania ni nchi ya joto. Kitulo pale juu ni mita 2,600 na zaidi, mwezi wa saba asubuhi unakuta majani meupe kwa barafu. Mbeya mjini yenyewe iko kwenye mita 1,700 hivi. Hizo namba za mwinuko zishikeni, tutazirudia, maana ndo zilizonila hela yangu.

Kabla ya hita yoyote, tuongelee jiko la mkaa. Usiku wangu wa kwanza Matamba nilipaki uani kwa bibi mmoja ninayemnunulia viazi, kwenye saa mbili usiku naona anakuja na jiko limekolea vizuri kabisa, mkaa mwekundu, anasema "mwanangu ingiza hili, utakufa na baridi humo kwenye bati." Nikamwambia shikamoo bibi na asante sana, ila tuliote hapa hapa nje mimi na wewe. Akanishangaa. Tukaota, tukapiga stori za bei ya mbolea, moto ulipofifia nikaingia kulala na masweta mawili na soksi. Karavani ni boksi lililozibwa, mkaa unaowaka kwenye boksi unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, haikuamshi, unazidi tu kupata usingizi mzuri. Na mkaa uliokolea bila moshi ndo unaodanganya watu, wanadhani moshi ukiisha sumu nayo imeisha, kumbe ndo inatoka vizuri. Hakuna cha kufungua dirisha kidogo wala kulitoa ukianza kusinzia. Jiko la mkaa linabaki nje.

Na kwa sababu hiyo hiyo zile hita za gesi za kubeba, zile zenye vigae vinavyowaka vyekundu mbele na mtungi nyuma, usilalie nazo. Zinakula hewa unayopumua na zinarudisha uchafu humo humo, tena kila kilo moja ya gesi ikiungua inatoa karibu kilo moja na nusu ya maji kama mvuke, asubuhi unakuta dari inadondosha matone, godoro chini limelowa, mwezi mmoja ukuta umeota ukungu mweusi. Unachotafuta wewe ni hita inayovuta hewa yake kutoka nje na kutupa moshi wake nje, chemba ya moto imejifunga yenyewe, joto tu ndo linaingia ndani. Ukishika hilo, nusu ya vitu vinavyouzwa umeshavifuta.

Kabla ya kununua, ziba na piga hesabu

Watu wanaanza na kilowati. Anza na matobo. Lala usiku mmoja bila hita, asubuhi pitisha kiganja kwenye fremu za madirisha, chini ya mlango, kwenye makabati ya chini ambako mabomba yanapita sakafuni, utasikia mwenyewe upepo unakoingilia. Langu lilikuwa linavuja kwenye tobo la bomba la maji taka chini ya sinki, mtu alitoboa likabaki kubwa kuliko bomba, kidole kinapita. Silikoni kidogo imefanya kazi ambayo ningenunulia hita kubwa zaidi. Sakafu weka povu jeupe lile la kwenye maboksi ya tivii, la kununua kwa shiti siyo la kuokota, juu yake plaiwudi nyembamba, juu yake kapeti. Madirisha ya langu ni ya plastiki mbili mbili tayari, nikaongeza mapazia mazito tu. Ila vile vitobo vya hewa alivyoweka aliyetengeneza karavani, vya sakafuni na vya kwenye paa, usivizibe hata kama unasikia baridi inapitia hapo. Vya chini vipo ili gesi ikivuja itoke, maana gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inakaa chini kama maji.

Sasa hesabu. Karavani kama langu, kuta, paa na sakafu ukijumlisha ni kama mita za mraba 45. Kwa kuta nyembamba zile na madirisha, kila mita ya mraba inapoteza kama wati 1.8 kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Nje sifuri, ndani unataka 18, kwahiyo 45 mara 1.8 mara 18, unapata kama wati 1,450. Ongeza hewa inayopita kwenye vitobo, unafika kilowati 1.8 hivi. Basi. Kwa usiku mbaya kabisa wa Kitulo unahitaji kilowati mbili, na usiku wa kawaida Uyole au Iringa unahitaji hata nusu ya hapo. Hii hesabu iweke kichwani kwa sababu muuzaji atakwambia chukua ya kilowati tano, nane, "ili usijute".

Nishati kwanza, hita baadaye

Swali la kujiuliza kabla ya kuangalia picha za hita ni hili: utakuwa unalala wapi na pale kuna nini. Mtu anayepaki kwenye kambi zenye umeme upande wa Iringa siyo sawa na mi ninayepaki shambani kwa bibi.

Ukiwa na umeme wa TANESCO kila unapolala, maliza hapo hapo, nunua hita ya umeme. Wati 1,500 usiku wa saa kumi ni yuniti 15 ikiwaka mfululizo, na kwa ile tarifu ya kawaida elfu kumi unapata kama yuniti 28, kwahiyo piga mwenyewe. Hakuna moshi, hakuna kutoboa sakafu. Chukua yenye themostati na inayojizima ikianguka, na usiiunganishe kwa ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu, waya wa karavani nyingi za zamani pia haukutengenezwa kubeba hita na birika kwa pamoja. Ila usije ukaniambia utaiendesha kwa betri na inveta. Betri ya 100Ah ikiwa imejaa ina kama kilowati-saa 1.2, hita ya wati 1,000 inaimaliza kwa saa moja, na kama ni betri ya asidi umeshaiua. Kwa betri, kitu cha umeme cha maana ni blanketi la volti 12, linakula kama wati 50 hivi, unalipasha kitanda nusu saa kabla hujalala na unazima. Hilo nalo nimeliweka na silitoi.

Gesi ndo iliyokuwa kawaida ya karavani tangu huko zinakotengenezwa, na sababu iko wazi, karavani haina tangi la mafuta wala injini, ina boksi la mtungi pale mbele na ndo nishati yake. Hita zile za ukutani za Truma, S 3004 kwa mfano, kama kilowati 3.5, zinavuta hewa chini ya sakafu zinatupa moshi juu ya paa, na hazihitaji umeme kabisa kuwaka, ukitaka joto lifike chumbani ndo unaongeza feni. Nyingine zina koili ya umeme nyuma yake, ukipata umeme unatumia umeme, ukikosa unawasha gesi, kwa mtu anayezunguka hiyo ni nzuri kuliko zote. Kuna Truma Combi, hiyo inapasha hewa na inachemsha maji lita kumi kwa pamoja, ya kilowati nne au sita, kama una bafu na watoto. Kuna Propex HS2000 ya Uingereza, kaboksi kadogo kanaingia chini ya kiti, kama kilowati 1.9, kanakula gramu 140 hivi kwa saa kakiwa kanawaka, ila hako kanahitaji betri kwa ajili ya feni. Ukikuta karavani ina hita iliyoandikwa Carver, ujue hiyo kampuni iliachana na hita za karavani mwaka 1999 na biashara ikachukuliwa na Truma, spea ni za kuwinda, mi ningeitoa.

Kwa matumizi, hesabu ya wati 1,500 usiku wa saa kumi ni karibu kilo moja na nusu ya gesi. Mtungi wa kilo 15 unakupa siku kumi, wa kilo 6 siku nne. Chukua wa 15 kama boksi la mbele linaruhusu, pima urefu kwanza na tepu kabla hujanunua, maboksi mengi yalikatwa kwa mitungi yao ya huko. Na siyo suala la siku tu. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani, propani inachemka mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri lakini butani inakoma kutoa mvuke ikifika karibu sifuri, na mtungi wenyewe unapopoteza gesi unajipoza. Saa kumi alfajiri Kitulo, mtungi mdogo uliobaki robo, hita inaanza kulegea, unadhani gesi imeisha, jua likitoka mtungi unafufuka. Siku ya kwanza niliubadilisha nikaupeleka dukani nikaambiwa mzee huu bado una gesi, nikaona aibu.

Kingine kwenye gesi ni regulata, hapa mafundi wanafanya mchezo. Hita ina kibati kimeandikwa presha yake, karavani za Ulaya tangu 2003, 2004 hivi ni milibari 30, za Uingereza za kabla ya hapo ni 28 kwa butani na 37 kwa propani, za zamani za Ujerumani zilikuwa 50. Soma kibati cha hita, soma regulata, zifanane. Ile valvu ya jiko la sahani moja linalofungwa juu ya mtungi haina regulata ya namna hiyo, usikubali mtu akufungie mpira kutoka hapo kwenda kwenye hita. Mabomba yawe ya shaba, mpira uwe kipande kifupi tu pale mtungini, na kila ungio lipake maji ya sabuni, utaona mapovu kama linavuja. Kiberiti hapana, wapo wanaotumia kiberiti, nimewaona.

Kuni nitapita haraka. Mafinga mabanzi ya paina kutoka viwanda vya Sao Hill yamejaa, na kajiko ka chuma ka kuni kenye bomba la paa kanapendeza kweli. Kama karavani umeipaki moja kwa moja kama kibanda cha wageni, sawa, weka. Kama unaivuta, kila rasta ya barabarani inalegeza maungio ya bomba la moshi, chuma chenyewe kinaongeza kilo thelathini, arobaini, na utomvu wa paina mbichi unaganda ndani ya bomba mpaka siku linawaka lenyewe. Mfumo wa Alde wa Sweden, wa maji ya moto yenye glaikoli (dawa ya kuyazuia yasigande) yanayozunguka kwenye mabomba pembeni ya kuta, ndo joto tamu kuliko yote, halina upepo wala kelele, ila ni mzito, unabomoa makabati yote kuufunga, na maji yake yanabadilishwa kila baada ya miaka michache. Ukikuta karavani tayari inao na unafanya kazi, mshukuru Mungu. Kuuweka mpya huku kwetu, hapana.

Dizeli, na kile nilichojifunza Matamba

Mi nilichagua dizeli kwa sababu dizeli iko kila mahali penye trekta. Kwa wati 1,500 usiku mzima unachoma karibu lita mbili. Hita ni kaboksi ka urefu wa mkono kutoka kiwikoni, kina pampu ndogo inayodonoa mafuta tik tik tik, plagi ya kupasha inayowasha, feni moja inayopeleka hewa kwenye moto na nyingine inayopuliza joto ndani. Za Webasto na Eberspächer ndo za asili, na Wachina wametoa zao kwa bei ya chini sana, ndo niliyonunua, stika inasema kilowati tano.

Uyole nikaifunga, nikaijaribu siku tatu, moto safi, ekzosi haina hata rangi. Nikaipeleka Matamba, kwa njia ya Chimala, zile kona hamsini na saba. Usiku wa kwanza inanuka kidogo. Wa pili ekzosi inatoa moshi mweusi, mdomo wake kule chini umejaa masizi kama chungu cha pombe. Wa tatu saa sita usiku ikazima, ikagoma kuwaka, inaandika erro tu. Nikaishusha mjini, fundi mmoja akaniambia pampu imekufa, nikanunua pampu. Nikapanda tena. Usiku wa tatu vile vile.

Mpaka nilipoifungua mwenyewe mezani nikakuta chemba imejaa masizi, ile nyavu ya pale kwenye plagi imeziba kabisa, ndo nikaelewa. Kwenye mita 2,700 hewa imebaki kama asilimia 72 ya ile ya baharini. Pampu haijui hilo. Yenyewe inadonoa mafuta yale yale kana kwamba uko Dar, hewa haitoshi kuyaunguza, yanageuka masizi. Hata Mbeya mjini hewa iko kama asilimia 81, ndo maana pale ilikuwa inavumilia. Hita nyingi za dizeli zimepangwa kwa mwinuko wa mpaka mita 1,500 hivi, yaani sisi huku tuko nje ya kipimo tangu tukiwa sokoni Mwanjelwa.

Dawa ni kupunguza mafuta. Kwenye hizi za Kichina kuna menyu ya fundi, utaona namba ya pampu ya chini na ya juu kwa hetzi, yaani mapigo kwa sekunde, na mizunguko ya feni. Yangu ya juu ilikuwa 5.0, kila pigo la pampu ni kama mililita 0.022, kwa saa ni kama lita 0.4, hizo ni kilowati nne za kweli siyo tano. Nikazidisha 5.0 kwa 0.72 nikapata 3.6, nikaweka hapo, feni nikaiacha kama ilivyo. Kilowati zikashuka kwenda kama tatu, na kumbuka nahitaji mbili. Moshi ukaisha. Ukinunua mpya tafuta yenye seti ya mwinuko au kihisio kinachojirekebisha chenyewe, hao wakubwa wanazo na baadhi ya Wachina siku hizi wanaweka, ila muulize muuzaji inafika mita ngapi, akikujibu "inafanya kazi popote" ondoka.

Na hapa ndo ile hesabu ya kilowati inarudi. Hita ya dizeli ikiwa kubwa kuliko chumba inapasha haraka, halafu inashinda usiku mzima kwenye moto mdogo, na moto mdogo ndo unaotengeneza masizi hata bondeni. Ya kilowati mbili inayofanya kazi kwa nguvu inakaa safi kuliko ya tano inayosinzia. Kama ulishanunua kubwa kama mimi, kila asubuhi kabla ya kuzima ipandishe mpaka mwisho dakika kumi na tano, ijisafishe. Na uizime kwa kitufe chake usubiri feni imalize kupoza, usichomoe betri, ukiichomoa ikiwa ya moto unaunguza bodi.

Gesi nayo mwinuko unaigusa, moto unakuwa mvivu na wa njano badala ya bluu, ila haifi kwa masizi haraka kama dizeli. Ukiniuliza leo ningeanza upya, kwa anayelala zaidi mjini na kwenye kambi zenye umeme ningesema gesi yenye koili ya umeme bila kufikiri mara mbili. Kwa shambani nabaki na dizeli, ya kilowati mbili.

Kufunga

Hita ya dizeli inalala chini ya kiti au kitanda, inakaa kwenye sahani ya chuma iliyofungwa sakafuni, na chini ya sahani hiyo ndo yanatoka mabomba matatu, ekzosi, la kuvuta hewa ya kuunguzia mafuta, na la mafuta. Yote matatu maungio yake yawe nje ya sakafu, ekzosi isiungwe ndani hata sentimita moja. Ielekeze pembeni ishuke kidogo ili maji yasikae, mdomo wake usiwe chini ya dirisha linalofunguka wala karibu na mdomo wa kuvuta hewa, na ufunge mbali na tairi. Hilo la tairi vitabu vya wenzetu hawalisemi kwa sababu hawajui tope jekundu la Makete, mwezi wa nne nilikuta ekzosi imeziba kama imepigwa plasta. Sasa kila nikifika nainama naangalia kabla ya kuwasha.

Tangi weka nje, dumu zuri la lita kumi lenye tobo la hewa, na kama bado una mtungi wa kupikia pale mbele usiweke tangi la dizeli kwenye boksi hilo hilo wala waya wowote unaoweza kutoa cheche.

Umeme wake siyo mwingi ila una kilele. Ikiwasha inavuta kama ampea kumi kwa dakika chache, ikishawaka ampea moja mpaka mbili, usiku ni kama 15Ah hivi. Waya uwe mnene na mfupi kutoka betrini wenye fyuzi yake, ukiwa mwembamba volti zinashuka wakati wa kuwasha hita inasema betri imeisha wakati imejaa. Paneli ya wati 100 inatosha, na hapo tumebahatika, baridi yetu inakuja kiangazi, usiku barafu mchana jua kali, wenzetu wa Ulaya baridi yao inakuja bila jua.

Alamu ya kaboni monoksaidi nunua kabla ya hita, siyo baada, yenye skrini ya kuonyesha namba, ifunge usawa wa kichwa ukiwa umelala lakini siyo juu ya hita wala dirishani. Ukitumia gesi weka na ya gesi, hiyo inakaa chini karibu na sakafu. Bonyeza kitufe cha kujaribu kila safari.

Halafu usiku wa kwanza usilalie shambani. Ilaze uani kwako, washa saa mbili kabla ya kulala, zunguka nje unuse ekzosi, gusa sakafu kuzunguka sahani kama ni ya moto sana, angalia alamu inasoma ngapi, inatakiwa sifuri, ikionyesha chochote zima ufungue mlango utafute ungio gani limeachia. Mi nililala mwenyewe siku nne kabla sijamruhusu mtoto.

Yule bibi wa Matamba mwaka huu alikuja tena na jiko lake, nikamfungulia mlango akaingiza kichwa, akaweka mkono kwenye tundu la hewa ya moto, akasema "kumbe mna moto wenu humo." Tukaliota nje hilo jiko kama kawaida, tukachoma na viazi.